Marahaba za Mlinzi

Haya sikuhadithiwa, niliyaona mwenyewe, na aliyekuwa karibu kuliko mimi ajitokeze. Kiwanda kimoja hapa Morogoro kiliuzwa, tajiri mpya akatangaza kwamba mlinzi atakayebaki ni yule anayekimbia kilomita tano kwa dakika thelathini. Jirani yangu, mlinzi wa miaka hamsini na sita, akafanya mazoezi miezi miwili barabara ya Bigwa, alfajiri, mimi nikimpimia kwa saa yangu. Alianza na dakika thelathini na saba, akafika ishirini na tisa.

Mtihani ukapangwa saa mbili asubuhi, watu wakienda sokoni. Nikamfuata kwa baiskeli.

"Shikamoo mzee!" wakasema wanafunzi.

"Marahaba, wanangu."

Akina mama wenye matenga ya kabichi wakasimama kumwamkia. "Shikamoo baba! Mbona mbio, kwema?"

Akapunguza mwendo. "Marahaba. Kwema tu, naikimbilia kazi yangu."

"Usiitikie!" nikapiga kelele.

"Nisiitikie, kwani nimekuwa mbuzi?" akajibu akihema.

Alimaliza kwa dakika thelathini na mbili. Karani getini akafunga daftari. "Shikamoo mzee. Pole, umezidisha." Jirani akaegemea ukuta, akavua viatu taratibu.

Tunaambiwa huu ni wakati wa ushindani, mwepesi ndiye anayekula. Nimechoka hata kubisha. Ila nikiri, mahali pamoja nimetia chumvi: karani hakumwamkia. Shikamoo ile nimeiweka mimi, maana asubuhi ile yote ni yeye peke yake aliyemnyima.