Siku Kanga Yangu Ilipotua Kichwani kwa Baba Mkwe

Jamani, aibu hii nimekaa nayo tangu mwaka jana na nimeona bora niisimulie mwenyewe, maana hapa Same mjini inasimuliwa sokoni kwa namna ambayo hata mimi niliyekuwepo siitambui (kuna mama mmoja muuza nyanya anaapa kwamba nilibaki uchi, si kweli, nilikuwa nimevaa suruali, na hiyo suruali ndiyo chanzo cha yote).

Mimi ni Mama Nakijwa, muuguzi, kwetu ni Kighare kule Ugweno ila nimeolewa na watu wa Myamba. Mama mkwe alipofariki, mume wangu aliona baba yake hawezi kubaki peke yake mlimani, tukamleta tukae naye huku chini. Mzee akaja na koti lake, redio yake na kimya chake. Anaamka, ananiitikia marahaba, anakaa kwenye kiti cha barazani anaitazama milima aliyotoka mpaka jua linazama, na sahani ya makande (makande, jamani, chakula ambacho Mpare hakikatai hata akiwa na homa!) inarudi jikoni haijafika nusu. Mimi mgonjwa aliyekata tamaa namjua nikimwona, na nilikuwa naogopa kila nikitoka zamu ya usiku kwamba nitamkuta ametutoka palepale kwenye kiti.

Kilichomwinua ni tenisi. Siku moja nilimwomba anisindikize dukani, tukapita kwenye ule uwanja wa zamani wa saruji ambao watu wa mtaa walikuwa wameufufua kwa msaragambo, kila nyumba ikatoa mtu na jembe lake kama vile wanakwenda kuchimba mfereji. Mzee akasimama. Akaushika wavu, akauvuta, akasema, "Umelegea." Hilo lilikuwa neno lake la kwanza siku ile ukitoa marahaba. Ndipo akanieleza kwamba ujanani alifanya kazi kwenye shamba la mkonge, akisawazisha uwanja wa wakubwa na kuuchora mistari kwa chokaa, na wakubwa wakishaondoka jioni yeye na rafiki yake wanaingia wanacheza mpaka mpira hauonekani tena. Rafiki alishakufa. "Sasa nitacheza na nani," akasema, akageuka aondoke, na mimi (mdomo huu utaniponza) nikasema, "Nifundishe mimi, baba."

Mimi, mwanamke wa miaka arobaini na tatu, ambaye sijawahi kushika kitu kinachofanana na raketi isipokuwa kipepeo cha mkaa! Tukawa tunakwenda asubuhi kabla upepo wa Same haujaamka, yeye na koti lake, mimi na sketi yangu ndefu ya marinda, na shida yangu kubwa haikuwa mkono, ilikuwa adabu, kwa sababu nimelelewa kwamba mbele ya baba mkwe unainama, humkatizi mbele, humkazii macho, kwa hiyo kila aliponirushia mpira goti langu lilikuwa linajikunja lenyewe. Mzee alivumilia siku tatu, ya nne akaniambia, "Mwanangu, mpira ukija usiuamkie. Upige." Siku nyingine, "Unapiga kama unaua nyoka. Nyoka ameshakufa, mwache." Nikacheka, naye akatabasamu kidogo, na siku ile sahani ya makande ilirudi jikoni tupu, mpaka nikaenda nyuma ya jiko nikalia kidogo, nisidanganye.

Basi yakatangazwa mashindano ya wawili wawili, mtu na mkewe, mtu na mwanawe, yeyote na yeyote. Mzee akaenda kutuandikisha bila hata kuniuliza, na tangu siku hiyo akawa anaongea mezani, tutasimama vile, nitakaa mbele kwenye wavu, wewe utalinda nyuma. Nikajua kabisa, tukitoka pale kwa heshima mzee wetu amerudi duniani, na tukiaibika atarudi kwenye kile kiti na hakuna atakayemwinua tena.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Asubuhi ya mashindano ile sketi ya marinda ilikuwa kwenye kamba, mbichi, nimeifua mwenyewe jana yake ili iwe safi. Kilichobaki ni suruali ya michezo ya Nakijwa, binti yangu wa kidato cha pili, ambayo kwangu inaishia chini kidogo ya magoti na inabana sehemu ambazo sitazitaja. Nimsimamie baba mkwe mgongoni na suruali ile mbele ya watu wote wa Same? Nikajiambia, nitafunga kanga juu yake. Nakijwa akasema, "Mama, utajikwaa." Nikamwambia anyamaze, nilianza kufunga kanga kabla yeye hajazaliwa.

Na kweli mwanzo ilikwenda vizuri, nashangaa hata leo. Tulicheza na daktari wa mifugo na mkewe, watu wazuri, wamevaa nyeupe mpaka soksi, na mzee kule mbele alikuwa haruki wala hakimbii, anaupokea tu mpira na kuuweka pale ambapo hawapo. Watu wakaanza kumshangilia, "Babu! Babu!" Mimi nyuma mkono mmoja nina raketi na mkono wa pili nashikilia kanga, kila mipira miwili nafunga upya, na upepo, ambao sisi wa hapa tunaujua, ulikuwa umeshaamka. Mwamuzi, mwalimu mmoja mstaafu, akatangaza kwamba tukiupata mpira huu mmoja tu tumeingia fainali.

Daktari akaupiga juu, juu sana. Mzee akainua uso, akainua raketi, alikuwa amekaa sawasawa chini yake. Mimi nikakimbilia nyuma yake kumlinda kama alivyonifundisha, nikasahau kushikilia, na kanga ikafunguka, upepo ukaichukua, ikapaa, ikatua kichwani kwa baba mkwe. Ikamfunika gubigubi, kichwa, mabega na raketi. Na mpira nao ukashuka taratibu ukampiga utosini juu ya kanga, pu, ukaviringika mpaka miguuni kwa mwamuzi.

Kanga niliyokuwa nimeifunga kiunoni, kichwani kwa baba mkwe! Kule mlimani jambo kama hilo wazee wanaweza kuliitia kikao (na sisi Wapare kwa kesi hatujambo). Kisha mtu mmoja akacheka, halafu wote, wengine wakakaa chini kabisa. Mimi nilianguka magotini palepale katikati ya uwanja na kisuruali changu, nikawa nasema, "Nisamehe baba, nisamehe baba," na machozi yananitoka, si kwa aibu ya suruali, bali kwa sababu nilikuwa nakiona kile kiti cha barazani.

Mzee akaivua kanga polepole. Akaitazama. Akanitazama mimi nilipopiga magoti. Halafu, mbele ya watu wote, akaikunja vizuri, akajifunga yeye kiunoni juu ya suruali yake, akaikaza, akamgeukia mwamuzi: "Hesabu ngapi, mwalimu? Tuendelee."

Watu wakacheka upya, safari hii wakimcheka yeye, mimi hakuna aliyenitazama tena. Alicheza mpaka mwisho na ile kanga ya maua mekundu. Tulishindwa, tena vibaya, maana mimi nilikuwa sioni mpira kwa machozi.

Tulirudi nyumbani. Barazani akasimama karibu na kile kiti. Akakipita, akaja mpaka mlango wa jikoni, akanipa kanga yangu mkononi. "Mama yako angekuwepo," akasema, "angecheka mpaka alale chini." Akaanza kucheka mwenyewe, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia, na kikageuka kilio, na mwanaume wa Myamba akakaa kwenye kigoda cha jikoni akamlilia mkewe kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Sikujua adabu inasemaje hapo. Nikakaa chini karibu naye nikamshika mkono.

Alipotulia nikamwambia, "Baba, nilifunga kanga kwa ajili ya heshima yako." Akajifuta uso na kiganja. "Nilikuomba?" Hakuwahi kuniomba. "Ungeniuliza," akasema, "ningekwambia nilitaka fainali."

Basi nimekoma. Nimejinunulia suruali yangu mwenyewe, ndefu, ya kunitosha, na kanga uwanjani sifungi tena hata mvua ya mawe inyeshe. Na mtu nikitaka kumheshimu siku hizi, kwanza namuuliza anataka nini.