Vyungu vya Mashoto katika Shimo la Nong Sim

Jirani yake, Lamduan, anaapa kwamba Chanpeng alipagawa Jumanne. Anasema mizimu ya makaburi ya kale wanayochimbua wataalamu ilimpanda mchana kweupe, akaanza kuzunguka kinyumenyume kwenye ukingo wa shimo huku mkono ukipiga hewa, hadi Dakta Thirawat akajimwagia tambi.

"Nilimwona kwa macho yangu haya," anasema Lamduan. "Nikakimbilia uzi mweupe, nimfunge mkononi roho imrudie."

Uzi Chanpeng bado anao. "Ya tambi ni kweli," ananiambia.

Saa moja asubuhi, Alhamisi, amechuchumaa mita mbili chini ya ardhi, anakwangua udongo. Hatulii. Anakwangua, anasimama, anautazama ukuta wa udongo ulioachwa katikati ya mashimo mawili, anachuchumaa tena.

Ana miaka arobaini na sita. Msimu wa kuchimba hulipwa baht 380, fedha ya huko, kwa siku. Miezi mingine hufinyanga vyungu, kazi ya mama yake na bibi yake.

Ugomvi umeletwa na vigae. Vya shimo la kwanza vina alama za kibao cha kupigia udongo, zilizolalia kulia. Vya shimo la pili, kushoto. Dakta Thirawat, mkuu wa kazi, anasema hayo ni makabila mawili: wageni walikuja, wakawafukuza wenyeji. Msaidizi wake, Nuanjai, anasema tusikimbilie vita, tuulize wafiwa walioweka vyungu hivyo makaburini walitaka kusema nini kwa alama zile. Mwenzao wa tatu alihesabu makapi ya mpunga, akasema yote ni ukame, akaondoka Jumatatu.

"Udongo ni ule ule," anasema Chanpeng. "Ila kila mmoja amekuja na jibu mfukoni."

Angenyamaza, kama si bintiye. "Alirudi kutoka shule akaniuliza, mama, sisi ni wale waliofukuza au waliofukuzwa? Usingizi ukaniisha."

Ndipo Jumanne akawaonyesha. Kijijini kwao, Nong Sim, chungu husimama juu ya kisiki. Anayezunguka ni mfinyanzi, kinyumenyume, akipiga kwa kibao. Mama yake alikuwa mashoto. Alizunguka upande wake, na alama zikalala upande wake.

"Kwa hiyo kabila zima ni mama yako?" Dakta aliuliza, akifuta suruali.

"Si kabila, mwalimu. Ni mtu. Na kwetu binti haondoki, mume ndiye anayehamia. Mama na binti wanafinyanga katika ua mmoja mpaka kifo."

Nuanjai alicheka mpaka akakaa chini. "Mama Chanpeng, miaka mitatu tunaandika vita, kumbe ni mkono wa kushoto!"

"Cheka tu," Dakta alimwambia. "Simulizi si ushahidi."

Ushahidi Chanpeng anao nusu. Jana alitoa kipande kikubwa cha chungu: kitako kimepigwa kushoto, shingo inaanza kulalia kulia. Kimekatikia pale pale kwenye ukuta. Anaamini nusu ya pili imo humo.

"Mikono ya watu wawili, chungu kimoja," ananiambia, akipapasa udongo. "Adui yako hakumalizii chungu, dada. Kikitoka kizima, wataandika upya. Kisipotoka, basi, niambieni nimekosea."

Lakini mvua imekaribia, na mashimo yanafukiwa leo. Taarifa ya Dakta inakwenda chapani mwezi ujao, pamoja na vita vyake.

Saa sita Dakta Thirawat anafika ukingoni. Chanpeng anapanda ngazi mbio, mikono imejaa udongo, anainamisha kichwa.

"Mwalimu, niachie huo ukuta siku mbili. Posho sitaki. Nitauchimba kwa kijiko, na wewe usimame hapo hapo unitazame."

Dakta anauangalia ukuta, kisha mawingu. Nyuma yake lori la mchanga wa kufukia mashimo limesimama, injini inanguruma.

Dereva anatoa kichwa dirishani. "Mzee, nimwage wapi?"