Mayai Yasiyo na Baba

Sogea nikusimulie, na ukitaka kucheka wewe cheka tu, maana Mtoni nzima imeshanicheka na mie bado nasalimia watu huku nimeinamisha uso.

Mimi ni mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi na nina mashine ndogo ya kutotoleshea mayai. Zilipobaki wiki tatu jirani yangu Bi Zaina amalize eda ya marehemu mumewe, akaniambia, "Shoga, nitotoleshee vifaranga, siku nikitoka nianze maisha na kitu mkononi." Banda kaka yake alishamjengea. Tukakubaliana nikachukue mayai ya kienyeji kwa shangazi yake Kunduchi, lakini asubuhi ya safari mvua ikapiga, barabara ikajaa maji, nikajiambia yai ni yai, nikavuka mtaa nikanunua trei moja dukani, nikayatia mashineni siku hiyo hiyo. (Makubwa, ya kahawia, yanang'aa. Ndiyo yaliyoniponza.)

Siku ya saba nikayamulika kwa tochi ya simu. Yai lililoshika mimba huonyesha vijishipa vyekundu, kama miguu ya buibui. Yangu ndani yalikuwa meupe pe! Nikasema yanachelewa tu, ni baridi hii.

Siku ya ishirini na moja Bi Zaina akaja, ametoka eda, kavaa doti mpya ya kanga, na mawifi zake na nusu ya mtaa nyuma. Nami, badala ya kunyamaza, nikafungua darasa: mbegu ya dume inakutana na yai la jike, hapo yai limerutubishwa, kiinitete kinaanza kukua. Wakapiga makofi. Tukasubiri adhuhuri mpaka alasiri, hakuna hata ganda lililopasuka.

"Umeme ulikatika Jumanne," akasema mmoja.

"Mashine imetupiwa jicho hiyo," akasema wifi mtu.

Mie nikapima joto, nikaongeza maji, nikapima joto tena, sielewi kitu. Ndipo Mangi wa dukani, aliyekuja kushangaa kama wengine, akachungulia.

"Mwalimu, si yale ya kwangu haya? Wale kuku wa mayai hawajamwona jogoo tangu wazaliwe!"

Ua zima likaangua kicheko. Somo la dume nimelifundisha dakika kumi, na mayai niliyoyaweka mashineni hayana dume! Bi Zaina peke yake hakucheka.

"Kumbe hukwenda kwa shangazi," akasema taratibu, akajifunga kanga yake vizuri akaondoka, na banda lake tupu.

Kesho yake, kabla hata ya chai, nilikuwa Kunduchi. Nilipomletea mayai pamoja na mashine yangu alivipokea, akaniangalia, akasema, "Safari hii namulika mwenyewe." Siku ya saba akaniita nione vile vijishipa, na mie machozi yakanitoka.

Basi ukitaka kutotolesha, usinunue kabla hujamuuliza muuzaji swali moja: hawa kuku wanakaa na jogoo? Akisitasita, hayo kakaange.