Kikapu cha Mistari Mia

Mama Pacha alikuwa na ulimi mkali, na nduguze walimjua. Ukimletea habari isiyo na ushahidi, anakurudisha nayo ulikotoka. Alifundisha hesabu shule ya msingi miaka tisa, akaacha pacha walipozaliwa, akajifunza kuandika programu za kompyuta kwenye meza ya jikoni, mtoto mmoja gotini, mwenzake mgongoni. Msicheke. Nyumba ile ilikula kutokana na meza hiyo.

Kwa mshahara aliandikia kampuni moja ndogo programu za maghala. Kwa mapenzi yake alichangia Karani. Karani ni kipande cha programu chenye kazi moja tu: kuandika kila linalotokea ndani ya programu nyingine. Saa fulani mlango umefunguliwa, saa fulani joto limepanda, saa fulani mtu kabonyeza kitufe. Ni programu huria. Yeyote anaisoma, anaitumia bure, na akiona pa kuongeza kitu anaongeza, mradi wenzake wakubali. Mwaka uliopita Mama Pacha aliongeza kitu, na kilikuwa kikubwa: kikapu.

Zamani Karani aliandika mstari mmoja mmoja kwenye diski, na mashine zikawa zinachechemea. Mama Pacha akauliza, nani huenda sokoni mara mia kununua vitunguu mia? Mistari ikae kwanza kikapuni, ndani ya kumbukumbu ya mashine. Ikitimia mia, yote imwagwe kwenye diski kwa mkupuo. Kasi ikaongezeka mara kumi, na watu asiowajua hata kwa sura wakamsifu. Hata ghala la chanjo alikofanya kazi Kitinda, mdogo wake wa mwisho, walitumia Karani, na dada mtu hakuchoka kumtania: "Ukisinzia huko kazini, mimi nakuona."

Utani huo ulikuja kumtokea puani.

Jumamosi asubuhi umeme ulikatika ghalani. Kitinda, mlinzi wa chumba cha baridi, alikuwa zamu peke yake. Kanuni inasema kengele ya kompyuta ikilia, mlinzi abonyeze kitufe kuonyesha ameisikia, kisha awashe jenereta. Jenereta liligoma, na chanjo zote zikaharibika. Jumatatu Kitinda akaja jikoni kwa dada yake na barua: Jumatano saa nane mchana afike mbele ya meneja, aeleze kwa nini asifukuzwe.

Barua ilibanwa pamoja na kurasa mbili zilizoandikwa na Karani. Umeme ulikatika saa mbili na dakika ishirini. Mstari wa mwisho ulikuwa wa saa mbili na dakika kumi na mbili. Baada ya hapo kimya, mpaka umeme uliporudi. Sasa kompyuta ya ghalani, anamofanyia kazi Karani, ina betri ya akiba ya nusu saa, mbona ilinyamaza hata kabla umeme haujakatika? Meneja alikuwa na jibu lake: Kitinda aliizima kwa mkono ili kengele isimsumbue, akalala.

"Nilibonyeza, dada," Kitinda alisema. "Nilibonyeza, halafu..."

"Halafu nini? Karatasi si hii hapa? Ungebonyeza ingeandikwa. Mashine haina sababu ya kudanganya, Kitinda. Mwenye sababu ni mtu."

Kitinda alimtazama. Mkewe alikuwa mjamzito wa miezi saba, na mlinzi aliyefukuzwa kwa kuharibu chanjo nani atamwajiri tena? Akanyanyuka, akaondoka, chai yake hakuigusa.

Jumatano saa tano na nusu Mama Pacha alikuwa akifuta meza. Zile kurasa zilikuwa bado pale, na pacha walikuwa wamechora ng'ombe wa miguu sita nyuma yake. Akazigeuza ili azirudishe kwenye bahasha, jicho likaangukia pembeni, pale Karani anapoupa kila mstari namba yake. Ule wa mwisho kabla ya kimya ulikuwa wa elfu nne na mia saba.

Elfu nne na mia saba. Kamili!

Mwalimu wa hesabu haoni namba kama hiyo akapita. Alitazama mstari uliofuata: elfu nne mia saba na moja, "Mfumo umewashwa." Kitambaa kikamdondoka. Karani hakuwa amenyamaza. Aliendelea kuandika kila dakika, joto linapanda, kengele inalia, Kitinda anabonyeza kitufe, ila mistari hiyo ilikuwa kikapuni ikisubiri itimie mia. Betri ilipoisha, kikapu kilipotea na vyote vilivyokuwamo. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii aliishona yeye mwenyewe.

"Mungu wangu," alisema peke yake. "Nimemwambia nini mtoto wa mama yangu?"

Akafungua ukurasa wa mradi mtandaoni, mahali ambapo kila badiliko hujadiliwa hadharani na mjadala hubaki hapo. Miezi kumi na moja nyuma, msimamizi wa mradi, wanayemwita Babu Nukta kwa sababu hurudisha kazi ya mtu kwa kukosa nukta moja, alikuwa ameuliza: "Umeme ukikatika kabla ya mia kutimia, itakuwaje?" Chini yake, kwa jina lake, Mama Pacha alikuwa amejibu: "Babu, hilo ni la mwaka mara moja. Tusiwacheleweshe wote kwa sababu ya woga." Wenzake walicheka, na kikapu kikapita.

Kando ya jibu lile kulikuwa na neno dogo: Futa. Kidole kilikaa juu yake kwa muda usio wa heshima. Hakufuta, lakini msimsifu bado. Alijiambia tu kwamba hakuna atakayeuliza nani alikitengeneza kikapu. Akamwandikia Babu Nukta maneno matatu, "Kikapu kimeumiza mtu," akaichukua kompyuta yake kuukuu, ile ambayo betri yake ilikufa zamani na haiwaki bila waya, akakodi pikipiki.

Alifika saa nane na dakika kumi. Ofisini walikuwa watatu: meneja, afisa utumishi mwanamama mwenye miwani, na Kitinda kasimama kama mwanafunzi aliyevunja kioo. Barua ya kufukuza ilikuwa mezani, imeshapigwa chapa. Ilibaki saini.

"Wewe nani?" meneja aliuliza.

"Dada yake. Na ni mtengenezaji wa programu."

"Dada! Basi tumekwisha. Damu nzito kuliko maji." Akashika kalamu.

"Nipe dakika tano, mzee wangu. Ukishaona, utie saini hata mara mbili."

Afisa akainamisha kichwa kuruhusu. Mama Pacha akachomeka waya, akakosea neno la siri, akaliandika upya, akawasha Karani. Akamwita mdogo wake. "Bonyeza hapa. Mara saba." Kitinda akabonyeza bila kumtazama usoni. Mama Pacha akachomoa waya, kioo kikazimika. Akawasha tena, akafungua daftari la Karani. Tupu. Hakuna hata mstari mmoja kati ya ile saba.

Afisa akavua miwani. Lakini meneja alikuwa amejiegemeza kitini, anatabasamu. "Kompyuta yako, programu umeiweka wewe, na mtuhumiwa ni mdogo wako. Nitajuaje hukuichezea leo asubuhi?"

Nje mtu alikuwa akisukuma toroli lenye gurudumu bovu. Mama Pacha alimtazama Kitinda, na Kitinda alikuwa akitazama ile kalamu. Akapiga moyo konde.

"Fungua kompyuta yako wewe, mzee. Siyo yangu." Akamtajia anwani ya ukurasa, herufi kwa herufi. "Angalia tarehe. Soma anachouliza huyo babu. Halafu soma aliyemjibu."

Afisa ndiye aliyesoma, kwa sauti, polepole. Alipofika kwenye "kwa sababu ya woga" akasita.

"Huyu aliyejibu ni nani?"

"Mimi," Mama Pacha alisema. "Nilionywa nikajifanya najua. Mistari ya kitufe imepotea kwa sababu yangu. Tazameni karatasi yenu, imekatikia mia saba kamili. Mtu akizima mashine kwa mkono, Karani humwaga kwanza kilichomo kikapuni, hata kama hakijatimia; bahati gani hiyo ya kuangukia kwenye mia?"

Meneja aliichukua karatasi. Aliitazama namba ile, akaangalia mjadala, akaitazama tena. Kisha akarudisha kifuniko cha kalamu. Afisa akaivuta ile barua, akaichana vipande viwili, akasema kinachobaki sasa ni kumuuliza fundi wa jenereta alikuwa wapi mwezi mzima.

Nje, ndugu wawili walitembea hadi getini.

"Nisamehe, Kitinda. Niliamini kitu nilichokitengeneza, wewe nikakuacha."

"Twende nyumbani, dada," Kitinda alisema. Basi.

Jioni ile Mama Pacha aliandika marekebisho: mstari wa dharura usikae kikapuni, uende kwenye diski papo hapo. Jibu lake la zamani aliliacha palepale kila mtu alione. Katika mradi ule, kila rekebisho hutaja aliyeripoti kasoro, na alipofika hapo alifuta jina lake mwenyewe. Kisha akaandika: "Imeripotiwa na mlinzi wa chumba cha baridi, siku ya Jumatatu, jikoni kwangu. Alisema alibonyeza kitufe. Nilikataa ripoti bila kuichunguza."

Kabla ya kuituma kwa Babu Nukta, alimtumia mdogo wake aisome. Majibu yalirudi baada ya dakika moja.

"Mara mbili, dada. Nilibonyeza mara mbili. Ndiyo nilikuwa nakwambia ukanikata."

Mama Pacha alifuta machozi kwa kitambaa cha meza, akaongeza: mara mbili.