Mtu Mmoja kwa Kila Waifai

Nilikuwa nikishona nguo mlangoni pangu, Soweto West, kwa mkasi wa kuomba. Wangu ulikuwa umekwisha makali, unatafuna kitambaa badala ya kukikata. Kila asubuhi nilibisha mlango wa pili, na jirani, mama fundi kama mimi, akanitolea wake akiuliza, "Leo pia?" Aliuliza kwa kicheko, lakini kilinichoma. Nikaapa kununua mkasi, tena kwa pesa isiyotoka kwenye unga wa watoto.

Ndipo nikapata tovuti inayogawa bitcoin bure. Usicheke. Kila saa unabonyeza, unapewa kipunje. Vipunje vikifika kiwango chao wanakutumia, nawe unavibadilisha kuwa shilingi. Haba na haba hujaza kibaba, ila waliosema hivyo hawakutaja ukubwa wa kibaba. Kwanza ilibidi nithibitishe kwamba mimi si roboti: chagua picha zote zenye bomba la zimamoto. Bomba gani? Kwetu moto tunauzima kwa ndoo na mchanga. Siku za mwanzo nilichagua mapipa ya taka, nikakataliwa. Nilikasirika, nikajifunza.

Miezi mitano sikuruka saa hata moja ya mchana. Nilibonyeza nikipiga pasi, nikipima wateja viuno, hata kanisani, Mungu anisamehe.

Siku chache kabla ya kufikisha kiwango, jirani akaniambia, "Wee, hiyo kitu unabonyezanga, si unifunze?" Mkono mtupu haulambwi, nami sikuwa na kingine cha kumpa kwa wema wake. Nikamfunza, tumekaa benchi moja, tukitumia waifai ya ploti ambayo wapangaji wote tunaichangia. Kesho yake akaunti zetu zote mbili zilikuwa zimefungwa. Sheria yao ni mtu mmoja kwa kila waifai, kwa hiyo walituona mtu mmoja mwenye tamaa. Niliwaandikia: ploti yetu ina milango kumi na miwili, wote hao ni mtu mmoja? Hawakujibu. Nililia kwa hasira, kisha nikanawa uso.

Sikukubali kushindwa. Dada yangu mkubwa anaishi Kawangware, anafulia watu nguo. Binti yake alimwekea waifai kabla ya kwenda kazi Saudia, ili wawe wanaonana. Pia ana cherehani kuukuu. Nikaanza kukata vitambaa asubuhi kwa mkasi wa jirani, kisha natembea navyo hadi Kawangware kushonea huko. Dada nilimwambia kwake kuna mwanga mzuri. Nikafungua akaunti mpya, nikaanza tena kutoka sufuri.

Mkasi niliupata, sitaficha, na sasa siombi mtu. Lakini wiki moja kabla sijaupata, dada aliacha beseni lake, akapangusa povu kwenye kanga, akaja kusimama nyuma yangu.

"Hiyo inalipa? Nionyeshe, na mimi nijaribu."

Waifai ilikuwa yake. Shida alikuwa nazo kuliko mimi, na vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa sabuni. Lakini nilijua akijiunga tu, tunafungiwa sote.

"Ni gemu tu ya watoto," nikamwambia, nikiifunika simu kwa kitambaa.

Hajawahi kunishuku maishani. Alicheka, akanipiga kikofi begani, akarudi kufua.