Kiwiko cha Kuwider

Watu wa mji wetu wa Oran wakitaka kunichokoza hunijia tanurini asubuhi na kusema Kuwider hakuwa bondia, alikuwa muuza karantika aliyepotea njia akajikuta ulingoni. Nami hukasirika kila mara, ingawa najua wanatania. Sinia zake za karantika, ule unga wa dengu tunaoula na mkate na bizari, huiva kwenye tanuri langu. Namjua Kuwider tangu ana nywele.

Tuseme ukweli, alikuwa mfupi. Mabega yake yalikuwa ya mpagazi wa bandarini na shingo huioni, kwa hiyo mizani ilimtupa kwenye uzani wa juu mwepesi, kati ya majitu. Watazamaji walicheka akipanda ulingoni. Kengele ikilia, alipokea ngumi moja ya paji la uso kama mtu anayelipa kiingilio, akazama hadi kifuani kwa mpinzani, kisha ile ngumi yake ya kushoto ya kupinda ikatua kwenye ini. Nimeona wanaume wakipiga magoti na usoni hawana hata mkwaruzo. Nilikuwa napiga kelele hadi sauti inakauka, na mkate siku ya pili nauuza kwa ishara.

Lakini mkanda hakuwahi kuuvaa. Pambano la ubingwa alishindwa kwa pointi na Benamar, mrefu mwembamba wa klabu yetu hiyohiyo ya ndondi. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Benamar akawa mwalimu wa ngumi, Kuwider akarudi kwenye sinia zake.

Mwaka huu klabu ilinunua ulingo mpya. Kwetu kila kona ya ulingo hupewa jina la bondia, linaloandikwa kwa rangi, na wanaompima ni wale tu waliopigana naye. Sisi mashabiki hukaa kimya, hata tukitaka kupasuka. Kona tatu zilipata wenyewe. Ya nne ikabaki kati ya Kuwider na bingwa mmoja aliyehamia Marseille.

"Sherehe sitaki, Miludi," Kuwider aliniambia huku akikata karantika. "Nataka waniambie wanaojua. Nilipigana, au nilipigwa tu?"

"Ulipigana, bwana wee."

"Wewe ni mwoka mikate. Umewahi kula ngumi yangu?"

Hapo ndipo penye shida. Waliokula ngumi zake wamekufa au wamehama. Mjini amebaki mmoja tu, Benamar.

"Basi yamekwisha," akasema. "Huyo hata salamu hanipi."

"Na wewe je, unampa?"

"Nianze mimi, na mkanda wangu anao yeye?"

Ijumaa, baada ya kuskusi ya mchana, klabu ilijaa hadi ngazini. Hajja Yamina, mjane wa mwanzilishi, ndiye aliyeongoza kikao. Mzee mmoja aliyewahi kupigana na yule wa Marseille alimsifu vizuri, na mikanda yake akaitaja yote. Makofi yakapigwa. Kuwider alikuwa kwenye benchi la nyuma, mikono magotini, macho sakafuni.

Benamar akasimama, fimbo mkono wa kushoto. "Kuwider hana mkanda," akasema. "Ningempa nini, nao ninao mimi?"

Ukumbi ukacheka. Nilinyanyuka nimrukie, na Hajja Yamina akanitazama tu. Nikakaa.

"Enyi vijana mnaofanya mazoezi hapa," Benamar akaendelea, "kaeni kimapigano."

Mabondia wote waliokuwa ukutani wakainua ngumi. Sasa, mabondia wetu wana tabia inayochekwa na timu za miji mingine: kiwiko cha kulia hukaa chini mno, kimegandana na mbavu, utadhani wamebana mkate kwapani.

"Lotfi, kiwiko hicho nani amekuwekea hapo?"

Lotfi ndiye bingwa wetu wa sasa. "Kocha wetu huyu, ami Benamar."

Benamar akamgeukia kocha. "Na wewe, alikuwekea nani?"

"Si wewe mwenyewe, mwalimu?"

"Na mimi je? Vitabu vinasema kiwe juu. Mwalimu wangu alinigombeza hadi anaingia kaburini." Akanyoosha fimbo kuelekea benchi la nyuma. "Mimi aliniwekea yule pale. Usiku wa ubingwa, raundi ya tatu, kwa ile ngumi yake ya ini. Pointi nilizipata, na mkojo wangu ulikuwa mwekundu wiki nzima. Kila mtoto niliyemfundisha, nilimfundisha kumwogopa Kuwider, na jina lake sikuwaambia."

Kuwider alikuwa anawatazama vijana wale mmoja mmoja, kiwiko baada ya kiwiko. Kisha akaondoka kwenye benchi. Tukampisha. Alitembea kifua mbele, kichwa kimeinama kidogo, vilevile alivyokuwa akivuka ulingo, hadi akamfikia Benamar na kufungua mikono amkumbatie.

Kiwiko cha kulia cha Benamar kikashuka chenyewe, kikabana mbavu.

Klabu nzima ililipuka kwa vicheko. Benamar alikitazama kiwiko chake, naye akacheka hadi fimbo ikaanguka. Kuwider peke yake hakucheka. Alimzungushia mikono kiunoni, uso wake ukifika kifuani kwa yule mrefu, akalia.

Hajja Yamina hakuuliza mtu tena. Aliagiza rangi iletwe.