Mwongozo wa Kupima Omena

Ujinga wangu wa kwanza ulikuwa kuchapisha kitu ambacho sikukisoma. Wa pili ulikuwa kumpelekea Mama.

Mradi wangu wa kompyuta wa kidato cha nne ulikuwa programu ya kumsaidia Mama na biashara yake ya omena, wale dagaa wa ziwani, pale sokoni Kondele. Ukiandika programu, juu ya kila kipande cha msimbo unaweka maelezo ya binadamu. Kompyuta yenyewe huyaruka. Kwa kuwa hakuna anayeyasoma, nilijaza utani humo. Juu ya kipande cha kupima kwa gorogoro, lile kopo la Mama, niliandika: "Mteja akiwa wa kanisa la Mama, ongeza kiganja. Akiwa mgeni, usikung'ute gorogoro. Hewa nayo ni bidhaa."

Mwalimu alitaka mwongozo uliochapishwa, na sahihi ya mwenye biashara, kabla ya saa kumi. Bila sahihi, huna alama. Mimi mvivu nikapata kifaa cha bure kisicho hata na kitufe: unakiandikia amri moja kwenye skrini nyeusi, kinapita kwenye msimbo, kinachota yale maelezo na kuyageuza kuwa kitabu safi chenye vichwa. Nikachapisha pale saiba, duka la intaneti, nikakimbia hadi mezani kwa Mama.

Akavaa miwani. Nikachungulia begani mwake, nikaona KUPIMA kwa herufi nene, na chini yake utani wangu umepangwa kama katiba.

"Mama, weka tu sahihi. Hayo mengine ni ya kompyuta."

"Kompyuta inajua kanisa langu?"

Nikafunika ndoo ya omena, nikaifunua. Nikaangalia saa kwenye simu: tisa na nusu. Nikafukuza nzi ambaye hakuwepo. Mteja mmoja wa mtaa wa Migosi, mgeni kabisa kwetu, alikuwa anangoja omena zake.

"Mama, si usome kwa sauti, na sisi tucheke," akasema mteja huyo, akiona ninavyohangaika.

Mama hakusoma. Alijaza gorogoro, akaikung'uta, akajaza tena mpaka omena zikamwagika, kisha akaongeza kiganja. Yule mteja akaenda zake bila kuelewa bahati imetoka wapi. Mimi nikamnyooshea kalamu. Mama akaipokea, akanirudishia karatasi bila sahihi.

"Ya kanisa iache, hiyo ni kweli," alisema. "Ya mgeni rudi ukaifute. Kalamu niachie."